Mtoto Amelazwa

Ilikuwa Krismasi ya kwanza ya mmisionari yule ughaibuni, na Kiswahili chake bado kilikuwa kinachechemea. Mtaani walimwita Bwana Samahani, maana hakuanza sentensi bila neno hilo. Asubuhi hiyo alimkuta mama mwenye nyumba akifagia ua. Akajipa moyo, akatangaza habari njema: "Samahani mama, mtoto amelazwa!"

Alitaka kusema amezaliwa. Mama akatupa ufagio. "Maskini weee! Hospitali gani?" Hata jibu hakungoja, akaita mpaka nyumba ya tatu.

Punde chumba cha mmisionari kikajaa majirani, chupa za chai na shuka safi. Fundi cherehani alikuja mbio, tepu shingoni.

"Mgonjwa yuko wapi?"

Kwa haya mmisionari akawaonyesha mwanasesere aliyemlaza kwenye hori la maboksi. Mama mwenye nyumba akaangua kicheko mpaka akashika ukuta. "Haya, mimineni chai! Tumekuja kumwona mgonjwa, hatuondoki ng'o!" Wakaimba mpaka jioni.

Krismasi iliyofuata, Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka. Akasimama katikati ya ua, akapaza sauti bila samahani hata moja: "Jamani, mtoto amelazwa tena!"