Gari Lililochemka Sokoke

Mjini Malindi lile gari la Pijo halikuwa na ugonjwa. Amin akilitoa nyumbani Shela, akapeleka watu hotelini, akapita sokoni, akaenda uwanja wa ndege na kurudi, mshale wa joto ulikaa katikati, umetulia kama mtu aliyeshiba. Ugonjwa wake ulikuwa wa barabara kuu. Likishaipita Gede, msitu wa Sokoke ukawa mkono wa kulia, barabara ikanyooka na gari likashika mwendo, mshale ulianza kupanda. Ukapanda, ukapanda, mpaka mvuke ukafumka kwenye boneti.

Miaka yote Amin hakulijua hilo, maana gari lake lilikuwa la kazi za mjini. Walilijua Jumanne ile, siku ambayo hawakutaka kujua jambo lolote jipya.

Jumanne hiyo Nana, mama yake Amin, alikuwa amemlaza binti yake Tumu kiti cha nyuma, kichwa cha Tumu mapajani mwake, wanakwenda Mombasa. Tumu alikuwa mshona kofia, mkono wake ukijulikana mpaka Lamu. Jicho lake la kulia lilikufa kwa surua angali mtoto wa kutambaa. Alishonea la kushoto. Na Jumapili, akiwa ameshika kofia na sindano, alisema, "Mama, kuna kivuli chini ya jicho. Kinapanda kama maji yanavyojaa pwani."

Daktari wa Malindi alimulika, akamulika tena. Alisema utando wa ndani ya jicho umebanduka na unaendelea kubanduka. Mombasa alikuwepo daktari mgeni anayejua kuurudisha. Atakuwepo mpaka Alhamisi adhuhuri, kisha anapanda ndege kwenda kwao. "Asipande basi," daktari akasema. "Alale chali, kichwa kisitikiswe. Kivuli kikivuka katikati ya mboni, hakuna wa kukirudisha."

Ndipo wakaenda kwa gari lao, likachemka Sokoke. Amin akaogopa injini itakwama waachwe porini na mgonjwa. Wakangoja lipoe, wakarudi.

Kutwa ya Jumatano gari lilishinda mtaa wa Kisumu Ndogo kwa Musyoka, fundi wa kutoka Ukambani, mtu wa maneno machache na mikono isiyotulia. Alitoa themostati, akabadilisha mkanda wa feni, akafungua pampu ya maji akatia nyingine. Kila akimaliza moja walilizungusha mjini, na kila mara mshale ulikaa palepale.

"Imepona," Musyoka akasema.

"Mjini hata jana ilikuwa imepona," Amin akamjibu. "Fundi, umeshabadilisha kila kitu. Nimebaki mimi."

"Wewe ukibadilishwa itapoa kabisa."

Hata Nana alicheka kidogo, ingawa roho yake ilikuwa kwa mtoto aliyelala chali nyumbani akitazama boriti. Musyoka akamgeukia kwa heshima. "Mama, maji lakini mnaweka?"

"Kila siku, baba. Nikishasali alfajiri nalitia mwenyewe kwa mkono wangu, tangu siku Amin alipolileta."

"Hiyo ni vizuri sana. Wengi hawawekangi."

Nana akafurahi kwa sifa ile. Aliifanya kazi hiyo kwa mapenzi, kama mwingine anavyomlisha mbuzi wake.

Walitafuta gari jingine pia. La hospitali lilikuwa safarini Lamu. Ochola, jirani mwenye teksi, alikuwa na wageni wa hoteli mpaka Ijumaa, akaapa kwamba Ijumaa asubuhi atakuwa mlangoni. Ijumaa ingewafaa nini? Basi Alhamisi, saa kumi na mbili ya asubuhi, wakaondoka na Pijo lao, na Musyoka akaja kuketi mbele.

"Shikamoo mama. Leo nataka kuiona yenyewe ikigonjeka," alisema. "Mjini inanidanganya."

Nana alikuwa amepakia madebe mawili ya maji kwenye buti. Alimlaza Tumu, akamwekea kanga iliyokunjwa chini ya shingo.

"Kimefika wapi?" akamnong'oneza.

"Karibu na katikati. Uso wako nauona, mama. Kidevu sikioni."

Mpaka Gede walikwenda vyema. Walipoingia Sokoke, Musyoka akasema, "Pole pole, Amin. Arobaini tu. Tuone."

"Arobaini! Kwa arobaini tutafika lini? Na foleni ya feri Kilifi je? Adhuhuri inatungoja?"

"Nakwambia pole pole."

"Fundi, jicho si la dada yako."

Amin akakanyaga mafuta. Nana hakumkataza. Baadaye alijiuliza sana mbona hakumkataza, na jibu alilijua: alitaka kufika. Miti ikawa inakimbia dirishani. Mshale ukaanza safari yake, na Musyoka alikuwa hautazami tena mshale, alikuwa amefumba macho anasikiliza. Kabla hawajafika Roka, mvuke ukafumka. Amin akapiga usukani kwa ngumi akaegesha kando.

Musyoka alifungua boneti akangoja, asiguse kitu. Kisha akaweka kiganja kwenye rejeta, lile sanduku la vijibomba linalopoza maji ya injini, akakipitisha taratibu kutoka juu kwenda chini, kama mkunga anavyopapasa tumbo. Akarudia. Uso wake ukabadilika.

"Mama, kuja ushike hapa. Kwa kanga, usiungue."

Nana akamwacha Tumu kitini, akashuka. Juu palikuwa moto wa kuunguza.

"Sasa hapa katikati. Na huku chini."

Palikuwa baridi. Injini inatoa mvuke na chuma cha pembeni yake ni baridi kama ukuta wa chooni.

"Maji hayapiti," Musyoka akasema. "Vijibomba vyote vya hapa vimeziba. Mjini gari inatembea kidogo, moto ni kidogo, hivi vichache vya juu vinatosha. Ikikimbia, moto unakuwa mwingi na maji hayana njia. Mimi nimefungua pampu, nimefungua kila kitu, hii sikufungua."

Alisubiri, akakifungua kifuniko kwa kitambaa, akaingiza kidole. Kidole kikatoka na ganda jeupe, gumu, la kuvunjika vipande. Nana alilitambua kabla hajaambiwa. Lilikuwa lilelile alilokuwa akilikwangua kwenye sufuria ya kuchemshia maji ya kuogea, kwa kifuu, miaka nenda miaka rudi.

"Haya maji mnatoa wapi?"

Amin akamtazama mama yake. Nana akajikaza.

"Kisimani. Kisima chetu cha uani."

"Iko na chumvi?"

"Ni cha chumvi, baba, cha kuoshea na kuogea. Ya mfereji ni ya kunywa, tunaletewa kwa madebe. N'lisema gari halina ulimi, litajuaje?" Akalitazama lile ganda. "N'lisema nisiharibu maji ya watu kunywa."

Musyoka hakumlaumu. Alifuta kidole kwenye suruali. "Mimi nilikuuliza kama mnaweka, sikuuliza gani. Kwetu maji ni maji. Nimekaa pwani miaka tisa na nimesahau niko pwani."

Kutoka kitini Tumu akauliza, "Ni maji?"

Alikuwa ameshasikia yote.

Jambo la kuuma ni kwamba hawakuwa na maji mengine. Yale madebe mawili ya kwenye buti Nana aliyateka palepale uani. Lilipopoa, Musyoka akalitia yaleyale, polepole, na Nana akayasikia yakigugumia ndani. Alitamani kuziba masikio.

Wakaenda kwa arobaini. Mshale ukatulia, wala haukusogea tena. Hilo lilimchoma Nana kuliko mvuke: kwamba hata Jumanne wangeweza kwenda hivi, mwendo wa arusi, wakafika. Hakuna aliyejua.

Kilifi, siku hizo kabla ya daraja, walikuta feri moja tu ndiyo inayofanya kazi, na malori yamepanga mstari mpaka juu ya mteremko. Amin akashuka akakimbia mbele kuwaomba wenye malori, mmoja mmoja, huku ameshika kifua. Watatu wakampisha. Wa nne alikuwa na samaki kwenye barafu inayoyeyuka, akasema na yeye ana mgonjwa wake. Walivuka saa sita kasoro. Takaungu, Vipingo, Mtwapa, kwa arobaini. Adhana ya adhuhuri iliwakuta njiani, wote wanne wakaisikia.

Hospitalini walifika saa saba na nusu. Daktari mgeni alikuwa ameshakwenda uwanja wa ndege. Daktari kijana wa zamu alimpokea Tumu kwa upole, akamtia dawa, akamulika kwa muda mrefu.

"Jumanne kilikuwa wapi?" akauliza.

"Chini kabisa, daktari," Tumu akasema.

"Sasa kimeshavuka katikati." Alizima taa. "Nitaandika barua ya Nairobi. Lakini huko watu wanangoja miezi, na jicho hili halina miezi. Pole, dada. Kama mngekuja Jumanne..."

Akaacha hapo. Nana aliimalizia sentensi ile kimoyomoyo, na tangu hapo haikumtoka.

Walipoanza kurudi ilikuwa alasiri. Tumu hakulala tena, aliketi kitako karibu na dirisha, kwani daktari alisema kulala hakumzuii kitu sasa. Alikuwa ameinamisha uso, maana kilichombakia cha kuonea kilikuwa ukanda mwembamba wa juu, na asipoinama haoni ila mbingu. Musyoka alisema mara moja tu kwamba rejeta ataipeleka ikafunguliwe na kuchokolewa, bure.

Juu ya feri Nana akashindwa kuvumilia. Akaushika mkono wa binti yake.

"Mwanangu, nisamehe. Wallahi sikujua."

Tumu hakuutoa mkono wake, wala hakumgeukia.

"Nimekusikia, mama. Usinisemeshe sasa. Kumebaki kidogo. Niache nitazame."