Sufuria la Sungura la Mama Germaine

Mama Germaine, mama wa bibi harusi, alivuka ziwa kutoka Kilwa ya ziwani hadi Kashikishi na masufuria yake yamefungwa vitambaa. Chilanga mulilo, sherehe ya kumwonyesha mkwe moto wa jikoni, haina mchezo: upande wa mke wanapika kila chakula ambacho mkwe atapewa kwao, wanamfunulia kimoja kimoja, naye akionja amekaribishwa jikoni. Akirudisha hata sufuria moja, ni mpishi aliyekataliwa.

Katongo, bwana harusi, alikaa mkekani macho chini. Mjomba wake Rodwell ndiye aliyemsemea, na ndiye aliyetangulia kuonja. Kuku walipita. Chisense, dagaa wa ziwa, walipita. Ndezi wa kukaushwa, nyama ya porini, alipofunuliwa, Rodwell hakungoja ugali wa bukari. Alinyofoa paja, akafumba macho.

"Mama mukwe, uyu ananyamazisha mutu!"

Germaine akafunua la mwisho, sungura aliowafuga mwenyewe nyuma ya nyumba. Rodwell akaacha kutafuna.

"Awe, hapana. Sisi ni bena Mbeba, ukoo wa panya. Wengine wanakula, lakini katika nyumba yetu, panya na ndugu zake hatuwagusi. Angalia meno ya huyu!"

Germaine aliliona akilini sufuria lile likirudi Kilwa limejaa, na majirani bandarini wakiliinua kupima uzito wake.

"Si panya, tata," alisema mdogo wa Germaine, Aurélie, mwalimu wa sayansi. "Sungura iko na familia yake, yeye na kalulu, sungura wa porini."

"Maneno ya shule."

"Basi angalia mwenyewe."

Germaine akazamisha mwiko kwenye mchuzi mpaka akakipata kichwa. Aurélie akakipangusa, akaufungua mdomo. Nyuma ya meno mawili makubwa ya juu yalijificha mawili madogo, kama watoto waliobebwa mgongoni.

"Panya hana haya ya nyuma. Hata watu wa sayansi zamani walimuweka sungura pamoja na panya, kisha wakamutosha mule, wakamupa familia yake."

Rodwell akachungulia, akaingiza kidole, akahakikisha. "Kweli, si wa kwetu. Na panya, ndugu zake ni nani?"

"Bon, kuna kindi, kuna nungu, kuna..."

Germaine akamkanyaga mguu. Aurélie akafunga mdomo, lakini macho yake yalikuwa yameshafika kwenye paja lililo mkononi mwa Rodwell. Naye Rodwell akayafuata.

"Mwe! Ndezi?"

"Ndezi pia, tata."

Katongo, ambaye desturi ilimtaka anyamaze, akapasuka kwa kicheko.

"Mjomba, miaka yote unakula ndugu zako!"

"Funga mdomo, bwana harusi!" Rodwell alilitazama paja, akatazama mfupa uliokwisha kuachwa uchi. "Huyu nimeshamuanza. Nikimuacha nusu nitakuwa nimemutukana zaidi." Akamaliza, akalamba vidole, kisha akalisukuma sufuria la ndezi kwa wageni. "Ndezi waliobaki mumalize ninyi. Mutoto, kula sungura. Nimeruhusu."

Katongo akachukua mguu wa nyuma, akachovya bukari kwenye mchuzi, akarudia, akarudia tena. Germaine alimtazama mpaka sufuria likaanza kuonyesha chini. Hapo ndipo alipohisi njaa yake mwenyewe, tangu alfajiri hajala kitu. Akalivuta sufuria la ndezi mbele yake, akakunja mikono ya blauzi.

"Sisi," alimwambia Rodwell, "hatuna undugu naye."