Kamera Mbili za Mzee Nurudini

Jumanne saa tatu asubuhi, Jeanne Niyomwungere alikuwa anakata picha za pasipoti za mwalimu mmoja wa Murungu, katika studio yake ndogo nyuma ya soko la Kibondo, Esteri alipoingia na karatasi mkononi. Esteri alikuwa karani wa kamati ya ardhi kijijini kwao, kule Kumsenga. Alisubiri mkasi umalize kona ya mwisho.

"Mama Aline, kamati imekaa. Kila kaya ipigwe picha imesimama shambani kwake. Za simu hawazitaki, wanasema simu inadanganya. Wanataka picha ya filamu, yenye negativu yake."

"Nani atapiga?"

"Wewe. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyekutaja."

Jeanne alizitia picha za mwalimu kwenye bahasha. Mwenyekiti Sylvesta hakuwa amemsemesha kwa miaka mitatu, tangu siku mumewe, Nkunzimana, alipokwenda kumuuliza habari za shamba lao wenyewe na asirudi. Sylvesta alisema Nkunzimana amerudi kwao Burundi. Nkunzimana alizaliwa Kumsenga, na uraia aliupata pamoja na wazazi wake kabla hajaoa. Lakini kijiji kilishika neno la mwenyekiti, na Jeanne akahamia mjini na binti yake, Aline.

Kukataa kazi kungekuwa ni kusema jambo, na kwa miaka mitatu Jeanne hakuwa amesema jambo.

Kesho yake alikwenda Kasulu kwa mzee Nurudini, aliyepiga picha za harusi miaka arobaini na sasa alikuwa anauza vyombo vyake. Zilikuwa zimebaki kamera mbili, zimepangwa mkekani uani, kila moja na lenzi zake.

"Usifanye haraka," mzee alisema. "Mwili wa kamera si kitu, unaoa lenzi. Za hii nzito zinaingia kwa skrubu. Za hii nyepesi unazungusha robo tu, zinabana. Haziazimani. Ukichukua moja umeingia ukoo wake."

"Ipi haina shida, mzee?"

"Zote nzima. Hii nyepesi haimwonyeshi mtu ambaye hataufikia mwaka mpya. Hii nzito inaonyesha na waliozikwa mahali pale."

Jeanne aliinua nyepesi kwanza. Ilikaa vizuri kiganjani, na gurudumu la kulengea liliteleza kama limepakwa mawese. Alimlenga Bi Mwajabu, mke wa mzee, aliyekuwa anapepeta maharage kizingitini. Katika tundu la kutazamia aliona kigoda kitupu. Aliona ungo unapanda na kushuka hewani, na maharage yanaruka na kutua ndani yake. Akaishusha kamera. Bi Mwajabu alimtazama, akatabasamu.

"Najua," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Ndiyo maana nauza."

Kwa kamera nzito, Bi Mwajabu alikuwepo. Nyuma yake, kwenye ukuta wa jiko, alikuwepo pia bibi mmoja mwenye kaniki, ameketi na miguu ameinyoosha.

"Huyo ni mama," mzee alisema. "Tulimzika hapo kabla jiko halijajengwa."

Jeanne alimfikiria Aline, mwenye miaka kumi na miwili na anayependa kupigwa picha. Akachukua nzito, na lenzi zake tatu: ya kawaida, ya mbali na pana.

"Hiyo pana uwe nayo mwangalifu," mzee alimwambia akimfungia mikanda ya filamu. "Inaingiza wengi."

Kumsenga kazi ilikwenda vizuri siku mbili. Katika mashamba mengi kulikuwa na babu mmoja, au mtoto mchanga kwenye majani. Immakulata, jirani wa zamani, alipoambiwa kwamba mama yake amesimama nyuma ya mgomba, alimwomba asogee mbele ili aonekane. Mama akasogea.

Shamba la Sylvesta lilikuwa la mwisho, bondeni, kwenye mahindi yaliyokuwa yameanza kubeba. Alisimama na mkewe, kofia ameishika kifuani. Jeanne akaweka jicho kwenye tundu. Ndani ya mahindi walikuwepo watu kumi na mmoja, wana udongo kwenye nywele.

Akafungua lenzi ya kawaida ili aweke ya mbali. Skrubu ikakataa mara mbili kabla ya kushika. Lenzi ikamletea uso wa Nkunzimana karibu kama wa mtu aliyeketi naye mezani. Alikuwa amevaa shati la kijani alilotoka nalo. Alikuwa anatazama shingo ya Sylvesta.

"Kuna nini?" Sylvesta aliuliza.

"Mahindi yanatikisika, mwenyekiti. Nasubiri upepo upite."

Upepo haukuwepo. Jeanne akarudisha ile ya kawaida, ili wote waingie, akapiga.

Alizisafisha picha kwa siku tatu. Aliogopa kwamba kamati ingeona. Kisha, akianika ile picha kwenye kamba, akaogopa kwamba wangeona na isiwe kitu.

Ijumaa picha ilizunguka meza ya kamati mkono kwa mkono. Mzee mmoja alimtaja Nkunzimana. Mwingine alimtaja Mulenda, fundi baiskeli aliyesemekana amerudi Kongo. Wakawataja wanne au watano hivi, taratibu, kama watu wanaosoma orodha ya kanisani. Sylvesta aliivuta picha kwake.

"Imetoka vizuri," alisema.

"Niandike kaya ya watu wangapi?" Esteri aliuliza.

"Si unawaona? Hesabu."

Esteri alihesabu kwa ncha ya kalamu. Kumi na watatu. Kwa utaratibu wa kamati, kaya inayozidi watu kumi huongezewa shamba, na shamba lililokuwa halina mtu jirani na la Sylvesta lilikuwa la Nkunzimana. Jeanne, aliyesimama mlangoni, alisikia muhuri unagongwa. Wajumbe walitazama mikono yao. Kisha wakaendelea na kaya iliyofuata.

Jumatatu Jeanne aliitwa tena Kumsenga, kupiga picha ya shamba lililoongezwa.

"Uje na lenzi pana," Esteri alikuwa amemwambia. "Mwenyekiti anasema kaya imekuwa kubwa."

Sylvesta alisimama mahali ambapo Jeanne alikuwa akipanda maharage. Katika tundu la kamera, wale kumi na mmoja walikuwa wameshafika kutoka kwenye mahindi, wamejipanga nyuma yake kwa mstari. Kati ya Nkunzimana na Mulenda palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Safari hii Nkunzimana hakuwa anamtazama Sylvesta. Alikuwa anamtazama Jeanne, akitikisa kichwa polepole.

"Ukimaliza, Mama Aline, niletee hizo negativu nyumbani," Sylvesta alisema. "Zote. Uje peke yako."

"Ndiyo, mwenyekiti," Jeanne alisema. Akamwomba asogee kidogo kushoto, kwa kuwa alikuwa anawaziba wawili, akapiga.