Aliyeshika Plagi

Plagi ilikuwa mapajani mwake, ameifumbata kwa mikono miwili kama kifaranga, nami nilikuwa naitazama saa ya ukutani. Zilibaki dakika nne.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yangu pale karakanani. Kabla sijafungua mashine ya kuchomelea naichomoa ukutani, halafu plagi nampa mwenye mashine aishike mpaka nimalize, asije mtu na haraka zake akaichomeka mikono yangu ikiwa ndani. Kisha tunasubiri dakika tano. Ndani mna kapasita, vikopo vinavyotunza umeme hata mashine ikiwa imezimwa, na umeme huo hauna huruma. Wateja wengi walizitumia dakika hizo kulalamika. Mimi na huyu tulizitumia kuzungumza, na kwa miaka miwili mashine yake iliharibika mara nyingi kuliko mashine yoyote mjini.

Alikuwa mchomeleaji wa mageti, mrefu, mwenye makovu madogo ya cheche shingoni. Tulimwita Taratibu, maana hata chai aliinywa kama anaikagua. Asubuhi hiyo alikuja akidai mashine inamdanganya.

"Naiweka mia, viungo havishiki."

"Labda mkono wako ndio umechoka," nilimtania.

Nikaiunga kwenye koili za majaribio, zinazobeba umeme wake badala ya chuma, nikabana mita kwenye waya mnene. Kioo cha mashine kilisema ampea mia. Mita ikasema themanini na nane. Nikamwomba radhi huku nacheka, nikachomoa plagi, nikampa.

"Nimepata barua," akasema. "Wale wajenzi wa meli, ng'ambo. Wanataka jibu Ijumaa."

"Hongera."

"Sijasema naenda." Aliigeuzageuza plagi. "Nikibaki, utafurahi?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilitaka kumwambia asithubutu kuondoka. Lakini nilikuwa mwanamke peke yangu katika karakana ile, nimezoea kuwawahi wanaume kwa mzaha kabla hawajaniwahi, na mafundi wawili wa benchi la pili walikuwa wameacha kugonga nyundo ili wasikie vizuri. Niliona aibu. Nikachukua mita.

"Subiri kwanza," nikasema. "Umeme bado upo."

Akasubiri. Ndivyo alivyokuwa. Dakika zilipoisha nililegeza skrubu, nikaondoa kifuniko, nikagusisha ncha za mita kwenye kapasita. Sifuri.

"Haya, tayari. Tufanye kazi."

Hakuuliza tena. Nilipuliza vumbi la chuma, nikakaza nati iliyokuwa imelegea na kuunguza waya wake, nikarudisha kifuniko. Aliniwekea plagi kiganjani, akanikunja vidole juu yake, na mkono wake ukakawia pale. Nikaiwasha mashine, nikazungusha taratibu skrubu ndogo ya nyuma mpaka kioo na mita vikasema kitu kimoja, nikaibandika ubavuni karatasi yenye tarehe na ampea.

"Sasa haikudanganyi," nikasema.

"Mashine ni rahisi," akajibu, akajitwisha mashine yake begani.

Jumatatu iliyofuata banda lake la kuchomelea mageti lilikuwa limefungwa kwa kufuli ambalo sikuwahi kuliona.

Imepita miaka kumi na tisa. Karakana sasa ni yangu. Wiki iliyopita mtu nisiyemjua aliniletea mashine kuukuu aliyoinunua mkononi mwa mtu aliyeinunua kwa mwingine, akaiacha mlangoni na kwenda zake. Ubavuni ilikuwa na karatasi iliyokauka kwenye gundi: tarehe ya asubuhi ile, ampea mia, na mwandiko wangu nilipokuwa bado naandika vizuri.

Niliipima. Ilikuwa imepotoka tena. Nikaichomoa, na kwa kuwa mwenye mashine hakuwepo nimpe plagi, nikaketi nayo mapajani. Mafundi wangu wote walikuwepo, na safari hii hapakuwa na nyundo iliyokuwa ikigonga.

"Ndiyo," nikasema kwa sauti. "Ningefurahi sana."

Fundi mmoja akainua kofia yake ya kuchomelea. "Umesema nami, mama?"

"Hapana, baba. Endelea."

Dakika tano zilikwisha zamani. Niliendelea kuketi, plagi mapajani, ikaanza kupata joto la mikono yangu.