Vitabu Viwili vya Fundi Viatu

Jumanne, saa nne asubuhi, mkutubi alikuwa akiandika orodha ya vitabu vya kuondolewa rafuni, mara mtu asiyemjua akasimama mbele ya meza yake. Mlinzi wa mlangoni alikuwa ameshamkagua na kumpitisha. Shati lake lilikuwa na alama za minyororo ya tingatinga, kutoka bega la kulia hadi kiunoni, na kila alipopumua alidondosha vumbi la matofali. Hakupumua mara nyingi.

"Mimi fundi viatu," alisema. "Wa nyuma ya soko. Nilizikwa wiki tatu zilizopita."

"Pole, fundi. Kadi unayo?"

Alikuwa nayo. Kwa kanuni za maktaba, kadi hufutwa kwa saini ya mwenyewe, na hakuna marehemu aliyewahi kuja kusaini. Kwa hiyo alikuwa msomaji halali.

Siku ya bomoabomoa alibaki kibandani akiokoa viatu vya wateja. Kule aliko sasa, kila mgeni huruhusiwa kuingia na kitabu kimoja. Alitaka kitakachomwambia ni nani aliyekuwa na haki ya kumvunjia.

"Wenzangu wote wamelala, dada. Mimi usingizi hauji."

Mkutubi alitoa viwili kutoka kwenye rundo la vitabu vya kuondolewa na kusagwa.

"Hiki ni cha soko huria. Kinasema muuzaji na mnunuzi waachwe wapatane wenyewe. Hiki ni cha wanaoikataa serikali kabisa. Kinasema watu wanaweza kujipanga bila bwana."

"Wewe ungechagua kipi?"

"Chuoni nilifanyia mtihani vyote viwili. Nilifaulu, lakini sikuchagua."

Fundi alicheka, msumari ukamtoka mdomoni. Vidole vyake vilikuwa vimepondeka, havikuweza kufunua karatasi.

"Nitakufunulia," mkutubi alisema. "Mpaka ukurasa wa mwisho wa vyote viwili."

Akamfunulia. Wasomaji wengine walisogeza mikoba yao kumpa nafasi. Mwanafunzi mmoja alilalamika, lakini kuhusu vumbi tu.

Jumatano jioni kitabu cha kwanza kiliisha.

"Mzuri huyu mwandishi," fundi alisema. "Anataka niachwe nishone viatu vyangu. Ila tingatinga lilikuwa la serikali, mafuta akatia mwenye duka kubwa la jirani. Mbona huyo simwoni humu?"

Alhamisi alikuwa katikati ya cha pili.

"Huyu wa pili anamjua vizuri mwenye duka. Ila wakati navunjiwa, majirani walikuwa wanapiga picha. Hao ndio watakaojipanga?"

"Bado kurasa tisini, fundi. Usimhukumu mtu kabla hajamaliza kusema."

Ijumaa, mkuu wa maktaba alikuja na toroli. Alimwinamia fundi kwa heshima.

"Pole sana kwa msiba wako," akamwambia, kisha akanyoosha mkono achukue kitabu.

"Amebakiza kurasa arobaini, mkuu," mkutubi alisema.

"Amri inasema vitabu hivi visagwe leo. Binti, una mama mgonjwa anayekutegemea. Kiherehere cha nini?"

"Nimemwahidi."

"Haya. Ukitoka nacho usirudi nacho, wala usirudi bila hicho."

Mkutubi alivua kitambulisho cha kazi, akakiweka juu ya toroli, akatoka na vitabu vyote viwili. Fundi alimfuata taratibu, akiomba radhi kwa kila aliyempaka vumbi.

Walikaa kwenye ngazi mpya za duka kubwa, pale kibanda kilipokuwa. Mafundi walikuwa wakipaka rangi ukuta. Katika taarifa ya manispaa, kibanda kiliandikwa kuwa kilivunjwa kikiwa kitupu, na taarifa hiyo ilikuwa imeshapigwa muhuri.

Kurasa zilikwenda. Jua lilihamia upande wa pili wa barabara.

"Hakijasema bado nani alikuwa na haki," fundi alisema.

"Umebaki ukurasa mmoja."

Mlinzi wa duka aliwajia, akawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Jamani, ondokeni. Hapa ni mali ya mtu."

Wakasogea hatua tatu. Mkutubi alilowesha kidole, akafunua.