Mgonjwa wa Mstari wa Kumi na Nne

Karani wa takwimu alikwama kwenye daftari la tatu. Alikuwa akihamisha kumbukumbu za wagonjwa wa malaria na dengi kutoka madaftari makuukuu ya zahanati, aziingize kwenye kanzidata ambayo mtafiti yeyote duniani angeweza kuifungua bure. Tatizo ni kwamba tabibu wa enzi hizo aliandika kama kuku anayeparura. Akaona isiwe taabu, akamwita shangazi yake aliyemlea, muuguzi mstaafu aliyefanya kazi na tabibu huyo miaka ishirini.

Shangazi akavaa miwani, akawa anasoma bila kusita.

"Mstari wa kumi na nne. Msichana, miaka miwili, malaria kali, degedege. Jina lake..."

"Majina hatuandiki, Shangazi. Ni siri ya mgonjwa. Tunataka umri, mahali, tarehe, ugonjwa na ulivyoishia."

Safu ya mwisho ilikuwa tupu.

"Basi naandika haijulikani," karani akasema.

"Haijulikani na nani? Siku tatu nilimpangusa kwa maji, kwa mikono hii. Alipona yule!"

"Nakuamini. Ila lazima kuwe na maandishi."

Shangazi akavua miwani, akatoka bila kuaga. Karani akabaki anajilaumu. Mtu aliyemfundisha kusoma, leo amemwambia neno lake halitoshi! Chai aliyomtengea ikapoa.

Saa sita mchana mlango ukafunguliwa. Shangazi aliingia akihema, nyuma yake mwanamke mnene mwenye futi ya ushonaji shingoni.

"Nimeng'olewa kwenye cherehani," fundi akasema huku akicheka. "Eti mnataka kujua kama nilipona."

Akatoa kadi ya kliniki aliyotunziwa na marehemu mama yake. Tarehe ya kulazwa ilikuwa ileile, na chini, juu ya muhuri: ameruhusiwa kurudi nyumbani, hajambo.

Karani akaandika: alipona.

"Nisamehe, Shangazi."

"Nikusamehe nini, mwanangu? Kazi umeifanya."

Fundi akainama kwenye daftari, akaugusa mstari wake kwa kidole.

"Na huyu aliye chini yangu?"

Shangazi akavaa tena miwani. "Mlilala kitanda kimoja. Yeye hakuamka. Tabibu aliandika mwenyewe, tazama."

Fundi hakucheka tena. Akavuta kiti, akaketi karibu na Shangazi, akamshika mkono.

"Soma," akasema. "Cherehani itanisubiri."