Nyangumi wa Chumba cha Nyuma

Kosa lenyewe lilikuwa la kijinga, na afadhali tuliseme mapema tumalizane nalo: hakupima mlango. Mtu mzima, mtunza stoo, ambaye kazi yake ya kutwa ni kujua friji gani itapita wapi na kabati gani litakwama ngazini, alijenga nyangumi ndani ya chumba chake akasahau kwamba nyangumi ana siku ya kutoka. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na za huyu bwana siku hizo zilikuwa zimenyolewa.

Kazini walimwita Boksi. Duka lao liliuza mafriji, majiko na mashine za kufulia, na kila mteja alitaka kitu, boksi lake hakulitaka. Basi yeye aliyakunja maboksi hayo, akayafunga kamba, akaondoka nayo begani. Wenzake walimtania kwamba anajenga ghorofa la makaratasi, awakumbuke vyumba vya chini. Alicheka nao, hakuwaeleza kitu. Kueleza kungembidi aanze na habari za mwanawe, na hizo hakutaka kuzigusa.

Zamani, alipokuwa na nyumba na mke, mtaa mzima ulimwita Baba Chiriku, kwa ajili ya binti yake aliyeanza kusema kabla ya kutembea na tangu hapo hajanyamaza. Kisha yeye na mkewe wakaachana. Hawakupigana, hawakutukanana, walichokana tu. Akahamia chumba cha nyuma katika nyumba ya watu, na jina likabaki kule kule. Huku hakuna aliyemwita baba wa mtu, maana hakuna aliyewahi kumwona huyo mtoto. Mama mwenye nyumba alimwita "wewe wa nyuma." Na yeye aliitika.

Chumba chenyewe kilikuwa na kitanda, jiko la gesi juu ya meza, ndoo mbili za maji, na dirisha lililotazama ukuta wa jirani, karibu kiasi kwamba ungeweza kuuparua kwa kucha bila kutoka nje. Dari ilivuja. Wengi wanaishi katika vyumba kama hivyo na hawaoni haya, lakini Boksi aliona. Kila Jumapili Chiriku alimpigia kwa simu ya mama yake, akaongea mpaka sikio likapata moto, na kila mara alimalizia na swali moja: lini atakwenda kwa baba? Na kila mara jibu lilikuwa lile lile. Chumba kidogo, mwanangu. Hatutatosha.

Msije mkamlaumu mama mtu. Mama Chiriku hakuwa na neno. Alishawahi kusema likizo ikifika aje amchukue mtoto wake, na yeye apumzike masikio. Aliyekataa ni Boksi mwenyewe. Alijiambia kwamba kwanza apate nyumba ya maana, yenye sebule na kochi, ndipo mtoto aje. Aliogopa Chiriku ataitazama ile dari, azitazame zile ndoo, kisha amtazame yeye. Siri ya mtungi aijuaye kata, na hii hakumwambia mtu.

Halafu Jumapili moja Chiriku hakuuliza. Alisimulia habari za shule, akasimulia paka wa jirani aliyezalia kabatini, akaaga. Jumapili iliyofuata hakuuliza tena. Boksi alibaki ameshika simu iliyokwisha kukatwa. Swali alilokuwa akilikimbia lilikuwa limeacha kumfukuza, na badala ya kupumua aliumia, aliumia kweli. Alijua mtoto akishazoea kutouliza, ndiyo basi tena, atakua, atakuwa mtu wa kumpigia simu ya heshima, "hujambo baba, na sisi hatujambo."

Ndiyo maana mama Chiriku alipopiga kueleza kwamba binti anatimiza miaka minane na anataka sherehe ya chini ya bahari, kila kitu kiwe cha baharini, samaki, pweza, mpaka nyangumi, na mapambo ya kununua ni kwa wenye nazo, Boksi alidakia kabla hajamaliza. Mapambo yote aachiwe yeye. Hata nyangumi? Hata nyangumi. Tena nyangumi wa kuingia mdomoni, watoto wakae tumboni. Akakata simu, akakitazama chumba chake, akajiuliza kimemwingia nini. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Alianza na vidogo. Chupa za plastiki alizikata makalio, akazining'inizia miguu ya mifuko myembamba, zikawa pweza. Trei za mayai zikawa matumbawe. Vizibo vya soda alivigonga bapa vikawa magamba, na sahani za muziki zilizokwaruzika, zile CD ambazo hakuna tena aliyekuwa na mashine ya kuzipiga, zikawa samaki wa kung'aa. Jirani yake fundi rangi alimletea masalio ya makopo, bluu ya ukuta wa zahanati na kijivu cha geti la mtu, akauliza mwanao ana miaka mingapi, akajibiwa, akashangaa. Alikuwa anakaa naye ukuta kwa ukuta siku zote hizo akidhani ni kapera.

Kisha nyangumi. Mifupa yake ilikuwa waya na vipande vya boksi vilivyokunjwa. Ngozi ilikuwa magazeti ya kale yaliyochovywa kwenye gundi ya unga wa ngano, tabaka juu ya tabaka, la chini likauke ndipo la juu lifuate. Gundi hiyo alikuwa akiipika zamani na Chiriku juu ya kiti, mwiko mkononi, akikoroga na kulamba. Sasa alikoroga peke yake. Kila jioni alitoka kazini akaongeza ubavu, na kila jioni nyangumi alinenepa. Kitanda alikisukuma ukutani. Meza akaitoa uani. Mwishowe ikabidi mkia ukae juu ya kitanda, na Boksi akalala miguu yake chini ya mkia. Mvua iliponyesha alimfunika mnyama kwa turubai, akalowa yeye.

Na alizoea kuwa na mtu chumbani. Alikula akiwa ameegemea ubavu ule, akamweleza habari za stoo, nani kagombana na nani, mteja gani karudisha jiko kwa sababu halipiki kama la mama yake. Usicheke. Mtu asiye na wa kumwambia "nimerudi" humwambia chochote kilichopo. Siku hizo Boksi aliingia ndani akiwa na hamu ya kuingia, jambo ambalo lilikuwa halijamtokea tangu akabidhiwe ufunguo.

Asubuhi ya sherehe fundi rangi alikuja na mkokoteni wa kuazima. Wakamshika mnyama, mmoja mbele mmoja nyuma, wakaenda naye mlangoni. Kichwa kikagonga fremu. Wakamgeuza ubavu, akagonga. Wakamwinamisha, akagonga. Fundi rangi akaweka chini upande wake, kisha akamuuliza mwenzake kwa upole kabisa kama duka lao lilikuwa limemwajiri kwa kujuana. Mama mwenye nyumba alitoka na ufagio wake kuona kelele ni za nini. Akachungulia.

"Sasa huyu," alisema, "atazaliwa kwa operesheni."

Wakacheka, na Boksi naye akacheka, mpaka akaona kwamba ni kweli. Hakukuwa na njia nyingine. Alichukua kisu cha kukatia maboksi, kile kile cha kazini, akauinamia mgongo alioulainisha kwa kiganja jioni kadhaa mfululizo. Akakata shingoni, akakata kiunoni, akakata penye mkia, na kila karatasi ilipochanika alikunja uso kana kwamba anachanjwa yeye. Vipande vinne vikapita mlangoni bila shida yoyote.

Kwa mama Chiriku palikuwa na sebule ndefu, na mama mtu alikuwa ameshasogeza viti. Alimpokea vizuri, akamletea maji, akawaacha wafanye kazi. Boksi aliunganisha vipande kwa waya, akaziba kwa selotepu, akapaka gundi na magazeti juu, akapitisha bluu. Lakini bluu mbichi haikukubali kufanana na bluu kavu. Mistari mitatu ilibaki imemzunguka nyangumi, iliyovimba na myeusi, na aliyeingia mlangoni aliona hiyo kabla hajaona kitu kingine. Fundi rangi alisema haionekani. Huo ulikuwa uongo wa kirafiki. Akaaga, akaondoka na mkokoteni wake.

Chiriku aliletwa kutoka kusukwa. Alikuwa amerefuka, shingo imekuwa ya msichana. Alimwamkia baba yake kwa adabu kamili, akasimama kando, mikono nyuma, kama watoto wanavyosimama mbele ya wageni. Mtoto aliyepewa jina la ndege kwa kelele zake alikuwa amekosa la kumwambia, na Boksi alitamani sakafu ipasuke. Akajifanya ananyoosha pweza asiyehitaji kunyooshwa.

Chiriku akamzunguka nyangumi taratibu. Akapeleka pua karibu na ubavu, akanusa gundi, akanusa tena. Kisha akaweka kidole juu ya mstari wa shingoni.

"Hapa amefanyaje?"

"Nilimjenga ndani, mlango ukamkataa," Boksi alisema. "Ikabidi nimkate ndiyo atoke."

"Ndani wapi?"

"Chumbani kwangu."

Mtoto akainama, akaingia mdomoni, akatambaa mpaka tumboni. Zikaonekana nyayo zake tu. Akalala chali mle ndani, akanyoosha miguu, akanyoosha mikono, akigusa huku na huku. Sauti yake ilipotoka ilikuwa imezibwa na magazeti.

"Alikuwa chumbani mzima? Na mkia?"

"Na mkia."

"Na wewe ulikuwa unalala wapi?"

"Humo humo. Mkia ulikuwa juu ya miguu yangu."

Boksi akahisi analazimika kusema, na kilichomtoka ni kile alichokificha siku zote hizo. "Dari yangu inavuja, mwanangu."

"Alilowa?"

"Hapana. Nilimfunika turubai."

Nyayo zikajivuta ndani. Baada ya muda kichwa kikatoka mdomoni, nywele mpya zimeshika vumbi la unga. Hakuwa anamlaumu, hata kidogo. Alikuwa na uso wa mtoto aliyepata jibu la hesabu na kushangaa kwamba wakubwa walihangaika nayo.

"Basi na mimi nitatosha," alisema.

Boksi akatazama mlangoni, pale mama Chiriku aliposimama na sinia la vikombe, akamwomba kwa macho amsaidie, kama mtu anayetafuta wa kumsukumia mzigo.

"Usinitazame mimi," mama Chiriku alisema. "Sijawahi kumkataza."

Wageni wakaanza kugonga. Watoto walimiminika, wakapiga kelele walipomwona mnyama, wakagombea kuingia tumboni, na Chiriku akapanda kiti akaanza kuwapanga foleni kwa ile sauti yake ya siku zote. Mmoja aliuliza kwa nini nyangumi ana makovu. Akajibiwa kwamba alikuwa anaishi kwa baba, mlango ni mdogo, lakini ndani kunatosha. Boksi alikaa karibu na ukuta, kikombe mkononi, mpaka kinywaji kikapoteza baridi. Hakujua kama alitaka kulia au kutoka mbio. Hakufanya hata kimoja.

Nyangumi alibaki kule. Boksi alirudi kwa miguu, jua likiwa linazama, mikono mitupu. Mama mwenye nyumba alimuuliza mgonjwa wa operesheni anaendeleaje, akajibu anaendelea vizuri, akapita kwenda nyuma.

Alifungua mlango na kwa mazoea akasema, "Nimerudi." Hakuna kilichokuwepo cha kuambiwa. Chumba kilikuwa kimepanuka, na upana huo ndio ulimuumiza; alisimama pale kizingitini kwa muda, kiatu kimoja kimevuliwa, akisikia redio ya fundi rangi upande wa pili wa ukuta. Kisha akashika ufagio. Alifagia vipande vya magazeti, akafagia unga uliokauka, mpaka akafika katikati. Matone ya bluu na kijivu yalikuwa yameganda sakafuni kuzunguka sehemu moja safi, ndefu, isiyo na tone hata moja. Ndipo alipokuwa nyangumi. Ufagio haukuyatoa matone yale.

Aliitazama ile sehemu. Alifikiria mbao zinazofungiwa mashine za kufulia, zile zinazotupwa nyuma ya stoo, na kitanda kifupi kinachoweza kutoka humo. Miaka miwili alikuwa amemwambia mtoto hapatoshi.

Akatoa futi mfukoni, akapiga goti apime. Akasita, akainuka, akaenda kuanza na mlango.